Mashoto wa St. Odilia

Wendell Brekke alikuwa na msemo wake, na kila msaka vipaji wa besiboli kuanzia Dakota hadi Ziwa Michigan aliujua: "Mpira ulio chini ya maili tisini kwa saa ni wa kumrushia mjukuu."

Haki ya kusema hivyo alikuwa nayo. Ujana wake wote aliumaliza akiwa mdakaji katika ligi za chini, amechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa usoni, mpaka magoti yakamgomea. Tangu hapo alikuwa akiizunguka Minnesota kwa niaba ya klabu moja kubwa, akitafuta vijana wenye mikono ya radi. Jicho lake lilikuwa na sifa kuliko yeye mwenyewe. Wenzake wakihangaika na zile bastola za kupimia mwendo wa mpira, Wendell amekaa kitako, anatafuna mbegu za alizeti, anasema tu, "Tisini na tatu." Bastola inasoma tisini na tatu. Hakuna aliyethubutu tena kuwekeana dau naye.

Basi Marisol Etcheverry alipomwambia kwamba Jumapili wanakwenda St. Odilia kumtazama mashoto anayerusha maili themanini na kitu, Wendell alidhani anataniwa.

"Themanini na ngapi?"

"Na kitu."

"Mari, binti yangu, kilichoharibika mwilini mwangu ni magoti. Akili bado nzima."

"Ndiyo maana nakuchukua, mzee. Ingekuwa kutembea, ningemchukua mwingine."

Marisol alikuwa mchambuzi wa video wa klabu, mtoto wa California, mwenye ulimi mkali na subira ya paka mlangoni pa panya. Mtu fulani alikuwa amempelekea picha zilizopigwa kwa simu kutoka uwanja wa kijijini, zikitikisika, na kichwa cha mtazamaji kikiziba nusu ya mambo. Alizitazama mara moja akacheka. Akazitazama tena, kicheko kikakoma.

Njiani Wendell alinung'unika kutoka Minneapolis mpaka mashamba ya mahindi yalipoanza kukaribia barabara pande zote mbili. Hakuwa mkaidi bure. Mashoto wa mpira wa pole, alisema, ni kabila zima, na kila wilaya ina wake. Anawashinda vijana wa shule kwa sababu vijana wa shule hawana subira. Wanapiga hewa kabla mpira haujafika. Anapanda ligi, anashinda tena. Mama yake anaanza kukata habari zake gazetini. Halafu anafika kwenye ligi ambayo wapigaji wamejifunza kungoja, na hapo mpira wa pole unageuka karamu.

"Gaylen Stroh," alisema. "Unamkumbuka?"

"Nilikuwa shule ya msingi, mzee."

"Nilimpigania yule kijana kwa meno na kucha. Mashoto, mpole wa mkono, mwerevu. Ligi ya kwanza akawala, ya pili akawala. Ya tatu walimtwanga mpaka nikaona aibu kutazama. Mipira ilikuwa inaangukia kwenye magari ya watu nje ya uwanja. Siku hizi anafunga matangi ya maji moto huko Duluth, na ananisalimia vizuri kabisa. Hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba ananisalimia vizuri."

Marisol alikuwa anajua hesabu kuliko yeye: katika mia wa aina ile, hata wawili hawafiki ligi kuu.

Walifika misa imekwisha, na kijiji kizima kimehamia uwanjani. Uwanja wa St. Odilia umebanwa kati ya kanisa na shamba la mahindi, hivi kwamba mpira ukivuka uzio huokotwa wakati wa mavuno. Moshi wa soseji ulikuwa umetanda. Watu walikuwa wamekuja na viti vyao vya kukunja, bia mkononi, watoto na jibini la kukaanga kwenye vikapu vya karatasi. Wendell na Marisol walikaa nyuma ya wavu, mahali ambapo msaka vipaji anaona mpira ukija kama anavyouona mdakaji.

"Bastola iko wapi?" Wendell akauliza akipekua begi.

"Nimeiacha garini."

"Umeisahau?"

"Sikuisahau. Leo utazame mkono kwanza."

Wendell akaguna, akafungua mbegu zake za alizeti.

Yule mashoto, Corwin Haas, alipanda kichuguu, kile kilima kidogo cha udongo anaposimama mrushaji, kama mtu anayepanda kurekebisha antena. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, mwembamba, mabega yameinama, masikio yamejitenga na kichwa, suruali imemwishia juu ya vifundo. Siku za kazi alizunguka mashambani akikata kwato za ng'ombe. Hakuna chuo kilichomtaka. Alivuta pumzi, akainua mguu wa kulia, akarusha.

Mpira ulitoka bila haraka. Mpigaji wa kwanza, fundi bomba kutoka kijiji cha pili, aliuzungushia gongo lake kwa nguvu zote, na mpira ukiwa tayari ndani ya glavu ya mdakaji.

Upande wa wageni wakaanza kelele zao.

"Corwin! Huo mpira umeutuma kwa posta au unauleta mwenyewe?"

"Mwacheni, unapitia Fargo kwanza!"

"Mimi nimeenda kununua bia nimerudi, bado uko njiani!"

Mama mmoja wa St. Odilia, mwenye kofia ya majani na sauti ya kengele, akawajibu bila kugeuka, "Basi mbona kijana wenu ameukosa? Au naye alikuwa kwenye foleni ya bia?"

Kicheko kikapita uwanja mzima. Lakini Wendell hakucheka. Taya zake zilikuwa zimeacha kutafuna. Mpigaji hakuwahi mno, kama wafanyavyo wote mbele ya mpira wa pole. Alikuwa *amechelewa*. Unawezaje kuuchelewa mpira unaotambaa?

Wa pili akachelewa. Wa tatu akawahi mno, akayumba, nusura apige goti. Wote watatu walirudi kukaa wakitazama magongo yao kana kwamba ndiyo yaliyowasaliti.

Wendell akasogeza kofia nyuma, akaanza kutazama mkono. Corwin alikuwa anauficha mpira. Akiuzungusha mkono nyuma, mpira ulizama nyuma ya paja, ukapita nyuma ya mgongo, na haukuonekana tena mpaka ulipochungulia kando ya sikio, umekwisha kuondoka. Na mkono ule ulifanya vilevile kila mara. Upole au kasi, wa kunyooka au wa kupinda, bega halikusema neno, kiwiko hakikusema neno.

"Haya," Marisol akasema baada ya muda. "Ule wa kasi. Unasemaje?"

Wendell alitazama mirusho mingine miwili. "Themanini na tisa. Pengine tisini. Watu wako wa simu wamekudanganya, Mari. Huyu si mpole kihivyo."

Marisol aliinuka, akaenda garini, akarudi na bastola. Akaielekeza. Corwin akarusha ule wa kasi. Marisol akampa Wendell asome mwenyewe.

Themanini na mbili.

"Imeharibika."

"Mpya."

Wendell aliipokea, akaipiga piga kiganjani, akangoja mrushaji wa timu ya wageni apande kichuguu. "Themanini na saba," akasema kwa sauti. Bastola ikasoma themanini na saba. "Themanini na sita." Themanini na sita. Corwin akarudi. Wendell akakaza macho mpaka yakamtoka machozi. "Tisini," akanong'ona. Bastola ikasoma themanini na mbili.

Vinyweleo vya mikono vikamsimama. Jicho lililokuwa halijakosea miaka yote hiyo lilikuwa limedanganywa na mkata kwato, mchana kweupe, na lilikuwa linadanganywa tena kila mpira ulipoondoka mkononi mwake.

"Sasa sema," Marisol akamwambia taratibu.

"Bado. Acha nimtazame tena."

Wageni walikuwa na mtu mmoja wa kuogopwa. Trent Vukovich alikuwa na shingo nene kama nguzo ya simu. Aliwahi kucheza ngazi moja tu chini ya ligi kuu, akaachwa, akarudi nyumbani kuuza matrekta na kuvunja mioyo ya warushaji kila Jumapili. Mara ya kwanza Corwin alimtoa kwa mipira mitatu iliyompita bila kuguswa. Mara ya pili Vukovich aliupaisha juu moja kwa moja, ukadakwa. Kila akirudi kukaa alikuwa akizungumza peke yake, na Wendell alilijua jambo lile. Vukovich alikuwa anasoma.

Mara ya tatu alikuja amebadilika. Mchezo ulikuwa unaelekea mwisho, St. Odilia wanaongoza kwa pointi moja, na wageni wana watu wawili vituoni wanaongoja kukimbia. Vukovich alisimama nyuma kabisa ya nafasi yake, akalishika gongo juu zaidi, magoti yamelegea. Hakuwa na haraka tena. Alikuwa amejifunza kungoja.

"Hapa ndipo," Wendell akasema. "Hapa ndipo wote wanapofia."

Corwin akautuma wa pole. Vukovich akauacha upite. Akautuma mwingine, wa pole zaidi, ukapinda kuelekea miguuni, Vukovich akauacha. Uliofuata aliugusa, ukaenda kando kwa mlio uliowafanya watu wa St. Odilia wafumbe macho. Mwingine tena, kando, karibu zaidi na mstari wa uwanja. Sasa alikuwa ameshaupata mwendo. Mtoto angeweza kuona kwamba wa pole ukirudi tena, utaokotwa wakati wa mavuno.

Corwin alishuka kichuguu, akafunga kamba ya kiatu. Akapanda. Akamtazama Vukovich chini kuanzia miguu, akaenda juu taratibu, kama anavyotazama mnyama ambaye hajamzoea. Mkono ukazunguka, ule ule, bila siri hata moja kuvuja.

Mpira ulipita kifuani mwa Vukovich, juu ya ukingo wa ndani wa kibao, kile cheupe kilicholazwa chini mbele ya mpigaji, na Vukovich hakutikisa hata kidole. Mwamuzi aliinua mkono: mpira halali, na kosa la tatu la mpigaji. Amekwisha.

Yule bonge la mtu alibaki amesimama. Kelele zilipotulia, Wendell alimsikia akimuuliza mdakaji wa St. Odilia kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kweli kujua, "Ule ulikuwa wa ngapi? Mia?"

Marisol alikuwa ameshika bastola. Hakumwonyesha Wendell. Themanini na tatu.

Mchezo ulipokwisha walimkuta Corwin akikusanya vituo vya uwanjani, ile mito ya turubai wanayokimbilia wachezaji, na kuvirundika kwenye toroli. Marisol alijitambulisha, akamtambulisha na Wendell. Corwin akajifuta kiganja kwenye suruali kabla ya kuwapa mkono.

"Mmepotea njia?" akauliza.

"Tumekuja kukutazama wewe," Wendell akasema. "Nataka kukudaka."

"Kunidaka?"

"Mipira yako. Kesho asubuhi. Nina glavu yangu."

Corwin akamtazama magoti. "Mzee, samahani lakini. Ukishuka, nani atakuinua?"

"Huyu," Wendell akasema, akimwonyesha Marisol kwa kidole gumba.

"Mimi sikuajiriwa kwa hilo," Marisol akasema.

Walikutana asubuhi, umande bado umeloweka nyasi na bluu ya vioo vya kanisa ikianza kuonekana madirishani. Corwin alikuwa na shamba la kwenda saa mbili. Wendell alivaa barakoa, akashuka kwa kuugulia, magoti yakalia kama kuni kavu. Akaweka glavu chini, upande wa nje.

Mpira ukaja ukaingia ndani ya glavu. Glavu haikusogea.

Akaihamishia ndani, usawa wa goti. Mpira ukaingia. Akaweka juu. Ukaingia. Alianza kuiweka pa kejeli, mahali pasipo na maana, upana wa mkono mmoja nje ya kibao, akisema moyoni kwamba sasa nitamkamata. Mpira ulikuja ukatua pale pale kama ndege anayerudi kwenye kiota chake. Katika maisha yake alikuwa amedaka watu waliokuja kuwa matajiri kwa mikono yao, na kila mmoja alimfanya arukeruke kama chura kuufuata mpira. Huyu hakumsogeza hata unywele.

Ndipo akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kumweleza mkewe bila kufokewa. Aliweka glavu mbele ya kifua, akaishikilia hapo, na Corwin alipoinua mguu, akafumba macho.

Alisikia nyasi. Alisikia ndege mahindini. Kisha mlio wa ngozi kugonga ngozi, na kiganja kikapata joto.

Alibaki amechuchumaa gizani mwa kope zake. Alihisi kama alivyohisi utotoni, baba yake alipompeleka kwenye ziwa lililoganda, akamwambia tembea, na barafu ikamshika.

"Ulifumba macho," Corwin akasema kutoka kule juu.

Wendell akafumbua. "Umejuaje? Nimevaa barakoa."

"Shingo yako. Mtu akifumba macho shingo inalegea kidogo." Corwin alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Usirudie, mzee. Ningeweza kukuumiza."

"Na Vukovich jana? Ulionaje kwamba atauacha?"

Corwin alikuna sikio, akaona haya. "Uzito wake ulikuwa wote mguu wa nyuma. Ng'ombe kabla hajakupiga teke, huhamisha uzito kwanza. Asipohamisha, hapigi, hata afoke namna gani. Vukovich alikuwa amekaa nyuma kungoja ule wa pole. Hakuwa na mguu wa kupigia ule mwingine." Akautupa mpira hewani, akaudaka. "Wote wako hivyo. Wanasema watakachofanya kabla ya kukifanya. Sijui kwa nini watu hawatazami."

Marisol alikuwa amesimama nyuma ya wavu, kamera ikining'inia shingoni. Hakuwa amepiga picha hata moja. Alikuja, akamshika Wendell kwapani, akamwinua.

Mkuu wao wa kazi, Gretchen Oyler, aliwasikiliza wote wawili kwa simu, wakiwa wameegesha gari mbele ya kiwanda cha jibini. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, na alikuwa na orodha ndefu ya vijana wenye mikono ya radi.

"Themanini na mbili," akasema. "Wendell, wewe ndiye unayeniambia hivi? Wewe?"

"Mimi."

"Atafika wapi?"

Wendell alitazama lori la maziwa likigeuza. Aliwahi kulijibu swali hilo mara nyingi: huyu ligi kuu, huyu hapana, huyu labda akipona bega. "Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Kipimo changu hakimfikii, Gretchen. Anaweza kutwangwa mwezi ujao, akarudi kwenye kwato zake. Au huenda nimeona kitu ambacho sitakiona tena. Siwezi kukudanganya kwamba najua ni kipi."

Gretchen akamhamia mwenzake. "Marisol?"

"Mimi hesabu zangu zote zinasema tusimchukue," Marisol akasema. "Na mimi nasema tumchukue."

"Hujawahi kunipa jibu bovu kama hilo, na Wendell hajawahi kuniambia hajui," Gretchen akasema. "Haya. Mleteni."

Baba yake Corwin, Leroy Haas, aliisoma mikataba ile jikoni mwake akiwa bado amevaa mabuti ya zizini. Aliuliza swali moja tu, kama kijana atapewa mahali pa kulala. Akaambiwa ndiyo. Akasema, "Basi sawa," akarudi kukamua.

Mwaka wa kwanza Corwin aliwala wote, na Wendell hakufurahi. Gaylen Stroh naye aliwala mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akapandishwa mpaka Texas, na huko habari zikawa mbaya. Wapigaji wa kule walikuwa watu wazima waliojua kungoja. Walimtwanga mechi moja, wakamtwanga ya pili, na ya tatu hakumaliza hata nusu. Usiku Wendell aligeuka geuka kitandani mpaka mkewe akahamia chumba cha wageni.

Alikwenda Texas na Marisol. Jua lilikuwa la kukaangia mayai. Corwin alikuwa amenenepa mabega. Kocha wake alimpa vyuma vya kuinua, akamwambia kinachokosekana ni kasi, na kweli alikuwa anarusha themanini na sita. Lakini mpira ulikuwa hautui tena pale pale. Ulikuwa unakosea kwa upana wa vidole viwili, na vidole viwili katika ligi ile ni umbali kutoka glavuni mpaka nje ya uzio. Kocha hakuwa mjinga. Alikuwa ameona mikono mingi, na dawa ile ilikuwa imewaponya wengi.

Walimkuta Corwin amekaa kivulini, mguu mmoja juu ya ndoo.

"Nimekuwa kama wao," akasema kabla hawajamuuliza. "Kijana mzuri, kasi ya wastani. Wako elfu."

"Unataka nizungumze na kocha?" Wendell akauliza.

"Nishazungumza naye. Nimemwambia nataka kupunguza."

"Kupunguza nini?"

"Kasi."

Marisol akaangua kicheko. "Alisemaje?"

"Ameniuliza kama jua limenipata." Corwin akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kisha akasema, ukitwangwa tena kesho unarudi ligi ya chini, kwa hiyo fanya upendavyo."

Kesho yake alipanda kichuguu akarusha sabini na tisa. Uwanja ukazomea. Kuna aliyemtupia noti ya dola akanunue nguvu. Akarusha sitini na nane. Akarusha themanini na moja kifuani mwa mtu, na mtu yule akaruka nyuma kana kwamba amechomwa. Mpira ulikuwa umerudi nyumbani. Mechi ilikwenda, wapigaji wakaja na kurudi, wakaja na kurudi, na ilipofika mara ya tatu, ile ambayo wote hufia hapo, kocha alikuwa ametoka kwenye kivuli chake, amesimama juani kichwa wazi, mikono imeshika ukingo wa uzio. Hakuna aliyezomea tena. Watu walikuwa wamenyamaza namna wanavyonyamaza watu mtu anapotembea juu ya kamba.

Septemba ya mwaka uliofuata klabu ilimwita katika ligi kuu.

Wendell na Marisol walipewa viti nyuma ya kibao. Kati yao alikaa Leroy Haas, katika shati jipya lenye mikunjo ya dukani, mikono mikubwa imetulia mapajani. Jirani alikuwa anamkamulia ng'ombe. Hakuwa amewahi kuona watu wengi namna ile mahali pamoja.

Mpigaji wa kwanza aliupiga mpira wa Corwin juu, mbali, ukavuka uzio, ukatua katikati ya watu. Uwanja mzima ukaugulia. Wendell akavua kofia. Marisol akanyoosha mkono mbele ya Leroy, akamshika wake. Kule juu ya kichuguu Corwin aliufuata mpira kwa macho mpaka ulipotua, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo la maana, akaomba mwingine.

Wa pili alikuja. Ubao mkubwa ulimulika: maili sitini na sita. Watu wakacheka. Vijana nyuma yao wakaanza, "Babu, uitie huo mpira teksi!" Ukamulika themanini na mbili, na mpigaji akachelewa. Ukamulika sabini, akayumba. Akarudi kukaa. Wa tatu akarudi kukaa. Ndipo akaja mtu ambaye kwa ajili yake watu walikuwa wamenunua tiketi, mpigaji mkuu wa wapinzani, mtu anayelipwa kwa kutokosea. Alisimama, akazungusha gongo, akaungoja mpira. Corwin akamtazama kuanzia miguuni.

Vijana waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wamesahau kukaa.

Mpira wa tatu ulipotua glavuni bila kuguswa, yule mpigaji mkuu hakukasirika. Aligeuka akamtazama mdakaji, kisha akamtazama Corwin, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango katika nyumba aliyodhani anajua vyumba vyake vyote. Akagusa ukingo wa kofia, akaenda zake.

Leroy Haas aliinama kwa Wendell. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kanisani.

"Niambie ukweli. Wanashindwa kweli, au wanamwonea huruma?"

Wendell akamwonyesha kwa kidole mpigaji mkuu aliyekuwa akirudi kukaa.

"Mzee Leroy," akasema, "hapa hakuna anayemwonea mtu huruma."

Leroy akaitikia kwa kichwa. Akakunja mikono kifuani, akarudi nyuma kitini, akaendelea kumtazama mwanawe.